Carl Jackson hakuwa mbeba mfuko tu

Asante mwandishi kwa makala yako ya kumkumbuka Carl Jackson, kedi (msaidizi anayembebea mchezaji wa gofu mfuko wa fimbo) wa klabu ya Augusta, Marekani, aliyeshiriki mara 54 katika Masters, mashindano makubwa ya gofu yanayofanyika pale kila mwaka. Ila hapo ulipoandika kwamba "alimbebea Ben Crenshaw mfuko", yule mchezaji gofu wa Marekani, umempunja. Wiki ya Masters ya 1995 Crenshaw alikuwa ametoka kumzika mwalimu wake, Harvey Penick, na mchezo ulikuwa umemkataa kabisa. Carl alimtazama mazoezini akamwambia mambo mawili: unaposimama kupiga, mpira uusogeze nyuma kidogo, na mabega yasizunguke ovyo. Basi! Jumapili Crenshaw akawa bingwa kwa mara ya pili, akainama analia, na Carl ndiye aliyemshika. Huyo ni kocha, jamani.

Na alianza 1961 akiwa na miaka 14, wakati ambapo Mwafrika Mmarekani angeweza kubeba fimbo pale lakini hakuna Mweusi aliyecheza Masters mpaka Lee Elder, 1975. Kisha 1983 wachezaji wakaruhusiwa kuja na makedi wao badala ya kutumia wa klabu, na wazee Weusi walioijua kila nyasi ya uwanja ule wengi wao wakakosa kazi. Carl alibaki kwa sababu Crenshaw alimtaka. Hao wengine nao tunaomba uwaandikie makala, tafadhali.