Masika Yakianza, Msiwazibie Kambare Njia

Mtu wa Malindi ukimtajia samaki akili yake inakwenda baharini moja kwa moja, changu, tafi, nguru, basi. Ziwa Jilore na Chemchem yako hapo tu kando ya mto Sabaki lakini hayatajwi, na wengine kambare hawamtaki kabisa eti ananuka tope. Mi namla, ukimsugua kwa chumvi na ndimu mpaka ule utelezi utoke, umkaange kisha umtie tui, halafu ndo uje unambie.

Sasa kinachonikera ni huu uvuvi wa masika yakianza. Haya maziwa yanaishi kwa mafuriko, Sabaki ikifura maji yanaruka ukingo yanaingia ziwani, kiangazi kikizidi ziwa linanywea. Maji mapya yakiingia tu kambare anatoka kwenye kina usiku, anafuata majani yaliyofunikwa na maji kule pembezoni akatage, tumbo limemjaa mayai. Na hapo hapo ndo jamaa wanaziba mikondo kwa uzio na chandarua cha mbu, wanazoa kila kitu mpaka vitoto ambavyo hata paka hashibi! (Na hao wanaoingia maji ya kiuno usiku kukagua uzio, mamba wa Sabaki wamewasahau?)

Najua nitaambiwa nini. Masika ndo kusi nayo imeingia, bahari imechafuka, mashua ziko juu, samaki sokoni bei haishikiki, sasa watu wale nini? Ni kweli, na sisemi ziwa lifungwe. Nasema tumieni mshipi. Kambare kwa chambo cha nyungunyungu hana ubishi, anameza mpaka ndoana. Na tilapia ndo kabisa, kwa sababu jike lake linaatamia mayai mdomoni na wakati huo halili, au linakula kidogo sana, kwa hivyo ndoana yako mara nyingi inampita inashika wengine. Wavu hauchagui, unambeba anawatema watoto hapo kwenye tope, umepata samaki mmoja na kizazi chake chote kimekwisha.

Kuna wanaosema mto utaleta wengine mwakani. Utaleta ndio, lakini wengi wa hao wanaoletwa ni wadogo, mpaka wawe wa kushibisha nyumba wanataka muda na ziwa lenye maji, na maji yenyewe hayana ahadi.

Kwangu mimi kamati za wavuvi za huko zikubaliane jambo dogo tu, kuanzia mto unapofura mpaka maji yatulie hakuna kuziba mkondo, na chandarua kikionekana ziwani kichukuliwe, mwenyewe akalale na mbu wake. Mshipi uruhusiwe mwaka mzima.