Injili Dakika Nne, Michango Saa Nzima

"Injili tutaisikia kesho kwa Padre. Tusipoteze muda, mhazini endelea."

Maneno hayo kayasema mwenyekiti wa jumuiya yetu, ile ndogo ndogo ya Wakatoliki majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, Jumamosi iliyopita, saa moja kasoro asubuhi, uani kwa mwanajumuiya mwenzetu, mshumaa ukiwaka mezani na Biblia ikiwa wazi pembeni yake. Hakuna aliyeguna. Mhazini akafungua daftari, akalamba kidole, akaanza kusoma majina ya wanaodaiwa.

Mimi niliguna moyoni, na guno lenyewe limenikaa kooni wiki nzima. Nalitoa hapa.

Kwanza tusidanganyane kwamba mwenyekiti wetu ni mtu wa ajabu. Ni mtu mwema, anawahi kuliko wote, na alichokosea ni kusema kwa sauti jambo ambalo jumuiya nyingi zinalifanya kimyakimya. Wewe unayesali jumuiya unaijua ratiba. Rozari kwa mwendo wa mtu anayewahi daladala. Kisha Injili ya Dominika anapewa kijana aliyeshtukizwa, anaisoma kwenye simu, katikati kioo kinazima, anakipapasa, anaruka mstari. "Neno la Bwana." "Sifa kwako, ee Kristo." Kiongozi anauliza, "Kuna mwenye tafakari?" huku macho yake yako kwa mhazini. Kimya kidogo. Anajitokeza yule yule wa siku zote: "Injili ya leo inatukumbusha tupendane." Yesu awe amepindua meza za wabadili fedha, awe ameulaani mtini, awe amewaita Mafarisayo makaburi yaliyopakwa chokaa, kwetu sisi ni tupendane tu. "Tunashukuru kwa tafakari nzuri." Dakika nne zimekwisha.

Halafu ndiyo mkutano unaanza. Mchango wa ukarabati wa nyumba ya mapadre. Mchango wa mavuno. Kitenge cha jubilei, nani kachukua na hajalipa. Rambirambi. Nani hakuonekana kwenye usafi wa kanisa. Barua ya kigango, yaani kanisa letu dogo chini ya parokia, inasomwa neno kwa neno, pamoja na kumbukumbu namba na "yahusu". Barua hiyo, wapendwa, haiharakishwi hata kidogo. Mtu akiuliza swali juu ya barua anajibiwa vizuri, na akiuliza la nyongeza anajibiwa pia. Ningependa kuona siku moja Mtakatifu Marko akitendewa heshima anayotendewa katibu wa kamati ya ujenzi.

Najua utakachosema. Makanisa hayajengwi kwa tafakari. Sawa. Na siku tulipofiwa nyumbani kwetu, jumuiya ilifika na turubai na sufuria kabla ndugu wa damu hawajapata nauli ya kutoka mkoani. Nimekula ubwabwa wa daftari lile lile ninalolisema vibaya hapa. Kwa hiyo sisemi lichomwe. Nasema lisubiri zamu yake.

Maana jumuiya hizi hazikuanzishwa ili ziwe vituo vya makusanyo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walizungumzia Kanisa linaloishi pale watu wanapoishi, wanapofanya kazi na kugombana na majirani: Kanisa linalojihudumia, linalojieneza na linalojitegemea. Katika hayo matatu sisi tumeng'ang'ania la mwisho, tena nusu yake, ile yenye risiti. Zilitafutwa hata njia za kuwasaidia watu wa kawaida wasome Maandiko bila padre kuwa chumbani. Iliyosambaa zaidi ni ile ya Hatua Saba, kutoka Taasisi ya Lumko kule Afrika Kusini, walikofanya kazi mapadre wawili Wajerumani, Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, ambao baadaye wote wawili wakawa maaskofu. Mnamkaribisha Bwana, mnasoma, kila mtu anataja neno au sentensi iliyomshika, mnakaa kimya, mnashirikishana, mnaangalia kuna jambo gani la kufanya, mnasali. Hakuna digrii inayohitajika hapo. Kinachohitajika ni mtu mzima kunyamaza dakika tatu bila kukohoa kwa makusudi.

Niliiona ikifanya kazi kwetu, na ilifanya kazi kwa bahati mbaya tu. Ilikuwa Septemba 2023, Jumamosi ya kuamkia Dominika ya 25 ya Mwaka A katika kalenda ya masomo ya Kanisa. Mwenyekiti alikuwa safarini, na mhazini naye alikuwa amekwenda msibani na daftari likiwa kwenye mkoba wake. Hatukuwa na la kufanya isipokuwa kusoma Injili. Akaongoza mama mmoja mtu mzima aliyewahi kufundishwa Hatua Saba enzi za katekista wa zamani. Ikasomwa Mathayo 20, mwenye shamba la mizabibu na vibarua wake. Mama akasema, "Isomwe tena, na mtu mwingine. Kisha kila mmoja ataje neno lake. Neno, si hotuba."

Mmoja akasema "dinari moja." Mwingine, "alfajiri." Mhasibu mstaafu, mzee ninayemheshimu sana, akasema "wakanung'unika." Zamu ikafika mlangoni kwa kijana mmoja saidia fundi, ambaye hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa hata viti vikiwepo, na ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "Tumsifu Yesu Kristo." Akasema, "Hakuna aliyetuajiri." Akanyamaza. Akarudia tena.

Ulipofika wakati wa kushirikishana, mhasibu akaanza. Alisema wazi kwamba mfano huu humkera tangu ujana. Mtu kafanya kazi kutwa juani, mwingine kaja jua linazama, wote mshahara mmoja. "Kwa utaratibu huu, kesho nani atakuja alfajiri?"

Kijana akajibu bila kuinua kichwa. "Mzee, mimi nitakuja. Hakuna anayechelewa kijiweni makusudi. Na mtu anayebaki pale mpaka saa kumi na moja si mvivu. Mvivu alisharudi nyumbani saa nne. Anayebaki ni yule ambaye akirudi mikono mitupu hana la kuwaambia watoto."

Uani pakawa kimya, na safari hii hakikuwa kile kimya cha kumsubiri mwenye tafakari. Kijana akaendelea, sasa akiwa ameshapata moto. Wale wa alfajiri, akasema, walipatana bei. Wale wa saa tatu waliambiwa tu "nitawapa iliyo haki." Akacheka. "Hiyo kauli sisi tunaijua. Bosi akikwambia twende tu, tutaelewana, mara nyingi jioni hamuelewani." Na wale wa mwisho hawakuambiwa lolote juu ya malipo. Waliambiwa nendeni nanyi shambani, basi, wakaenda. Nimeusikia mfano huo tangu utotoni, nimesikiliza mahubiri yake kutoka kwa mapadre wenye shahada za Roma, na hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba watu wale waliingia shambani bila ahadi ya hata senti moja. Nikafungua Biblia yangu kuhakikisha. Kweli, imeandikwa hivyo.

Mama mwenye genge naye akaingilia. Yeye lililomsumbua ni foleni ya malipo. "Kama angewalipa wale wa alfajiri kwanza wakaenda zao, ugomvi ungetoka wapi? Wasingejua. Yule baba aliwaweka wa mwisho makusudi ili waone." Mhasibu akadakia kwamba hilo ndilo kosa lenyewe la utawala. Mama akasema hapana, alitaka wajione roho zao. Mwingine akauliza: kama kweli ni mwema, mbona hakuwaongeza wale wa kwanza kidogo, hata nauli? Hatukupata jibu. Jua lilishaingia uani, watu walikuwa wamechelewa makazini na sokoni, na hakuna aliyekuwa anaangalia saa.

Jumamosi iliyofuata mzee mhasibu alikuja na Biblia yake mwenyewe, Mathayo 20 imepigiwa mistari kwa penseli, tayari kuendeleza ubishi. Bahati mbaya mhazini alikuwa amesharudi.

Hicho ndicho ninachokilia. Padre wetu ni mhubiri mzuri, lakini padre hajawahi kusimama kijiweni akisubiri mtu amwite abebe zege. Kuna mambo katika Injili yaliyosemwa na mtu aliyejua maisha ya vibarua, wavuvi, wajane na wadaiwa, na watu wa namna hiyo wamejaa kwenye jumuiya zetu, wamekaa kwenye ndoo karibu na mlango, na sisi kila wiki tunawauliza swali moja tu: umelipa? Halafu tunajisifu kwamba Kanisa letu ni Kanisa la familia. Kwenye familia baba hakuiti mtoto mezani kila siku ili amsomee deni.

Kijana yule siku hizi hajitokezi. Nilipouliza nikaambiwa anadaiwa kitenge.

Wapo wanaotetea hali hii kwa sababu ya kitheolojia, na hao nawajibu japo kwa shingo upande, maana wana chembe ya ukweli. Wanasema mkiwaachia walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, Biblia kila mtu atafasiri lake, mwisho tutakuwa na makanisa thelathini mtaa mmoja. Kweli, kwetu yupo ndugu mmoja ambaye kila somo kwake linaishia kwenye 666. Isomwe harusi ya Kana, atapita kwenye mabalasi, atatokea Ufunuo. Kweli pia kwamba katika Matendo ya Mitume towashi Mwethiopia alimwambia Filipo hawezi kuelewa mtu asipomwongoza. Lakini soma mbele kidogo: Filipo alipanda garini, akakaa naye, akaanzia pale pale kwenye andiko alilokuwa akilisoma. Hakumwambia afunge kitabu asubiri Dominika. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika hati yake ya Novemba 1965 juu ya Ufunuo wa Mungu, ulimkumbuka Mtakatifu Yeronimo aliyesema kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo. Tena uliwahimiza waamini wote, si mapadre na masista peke yao. Hofu ya ufasiri mbaya dawa yake ni katekista kuketi nasi. Kwetu katekista huja siku ya kusoma majina ya wasiostahili barua ya ubatizo.

Ndugu zetu wanapohama kwenda kwa walokole tunasema wamefuata miujiza. Wengine ndiyo. Wengine, ukiwauliza vizuri, wamefuata mahali ambapo mtu aliwaambia "fungua Biblia yako" na akasubiri waifungue.

Na msinikumbushe Dominika ya Neno la Mungu. Papa Fransisko aliianzisha mwaka 2019, na sisi tuliipokea kwa mikono miwili kama tunavyopokea kila kitu chenye maandamano. Biblia inafungwa kitenge, inabebwa kichwani, inachezewa ngoma, inapigiwa vigelegele mpaka altareni. Inapendeza sana. Kisha inarudi kabatini mpaka Januari nyingine.

Vijana hawaji jumuiya, na tumeshaunda kamati ya kuchunguza kwa nini. Wanaume nao hawaji. Wanatuma hela na wake zao, na hapo, tukisema kweli, wameielewa jumuiya vizuri kuliko sisi tunaoenda.

Ninachotaka si kikubwa. Injili isomwe mwanzoni, watu wakiwa bado na akili ya asubuhi, isomwe mara mbili na watu wawili waliopewa taarifa tangu katikati ya wiki. Kuwe na kimya cha kweli. Yule wa "tupendane" asubiri wengine watatu waseme kwanza. Matangazo yawekwe kwenye grupu la WhatsApp, lile lile ambalo sasa limejaa picha za maua na "asubuhi njema wapendwa." Michango itumwe kwa simu, na mhazini amfuate mdaiwa pembeni, kwa staha, badala ya kumsoma hadharani mbele ya wakwe na wapangaji wake. Rozari iendelee, sina ugomvi na Mama Maria, ila isalwe kwa mwendo wa binadamu.

Nimeyasema haya kwa mwenyekiti uso kwa uso, kabla ya kuyaandika, ili asije akasema nimemsengenya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nimeanza ulokole. Akasema pia kwamba Jumamosi ijayo ni zamu ya nyumba yangu, na desturi ni mwenye nyumba kupanga utaratibu wa siku, kwa hiyo nifanye nitakavyo, mradi barua ya kigango isomwe kabla watu hawajatawanyika.

Itasomwa. Ya mwisho. Na nimeshampigia simu mzee mhasibu aje na penseli yake, na kile kitenge cha kijana nimekilipa mimi.