Mgomo wa 1941 uingie darasani

Watoto wengi wa Lubumbashi niliowauliza wanaujua mwaka wa Mkutano wa Berlin. Ukiwauliza kilichotokea mjini kwao Desemba 1941, wananyamaza. Siwalaumu, hakuna aliyewafundisha.

Tarehe 9 Desemba mwaka ule, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, waliokuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara, maana vita ilikuwa imepandisha bei, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari wakawafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wao, aliuawa pale pale. Wakoloni walitoa hesabu yao ya waliokufa. Masimulizi ya kambi za wafanyakazi yalitaja wengi zaidi.

Hapo ndipo somo linapoanzia. Mwanafunzi apewe hesabu ya mkoloni pamoja na masimulizi ya mzee, kisha aulizwe: huyu alikuwa wapi siku ile? Nani angefaidika idadi ikipungua? Kubishana hivyo kunamfundisha kuliko kukariri majina ya magavana.

Wengine wamethubutu kugusa mambo mazito zaidi. Ufaransa na Ujerumani, zilizopigana vita tatu kati ya 1870 na 1945, zilianza mwaka 2006 kutoa kitabu kimoja cha historia kwa wanafunzi wa sekondari wa nchi zote mbili. Jirani zetu wa Rwanda walisimamisha somo la historia shuleni baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, kwa kuwa historia iliyofundishwa kabla yake ilikuwa imelisha chuki.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha hapa hapa, jinsi maboyi, watumishi wa nyumba za Wazungu, walivyoiona. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Kongo nzima, picha kama 100, Lumumba akiwemo. Wataalamu wa ng'ambo wamezichambua kazi hizo kwa miaka mingi, na mtoto wa Kamalondo, mtaa wa hapa hapa mjini, hajaziona!

Walimu watasema, na ni kweli, kwamba darasa limejaa, vitabu hakuna, na mtihani wa taifa unataka mtoto achague jibu moja kati ya yaliyoandikwa. Basi tuanze na nakala moja ya mchoro wa Tshibumba, ibandikwe ubaoni. Na wanaotunga mtihani waweke swali moja tu la historia ambalo mtoto atalijibu kwa kuandika hoja zake mwenyewe.