Turudishieni Siku ya Moi

Ujumbe uliingia kwenye grupu la wazazi usiku wa kuamkia sikukuu: kesho kila mtoto apande mti, apigwe picha, picha itumwe humu kabla ya saa sita mchana. Sisi tunakaa ghorofani. Niupande wapi, kwenye sinki? Asubuhi nikaenda kwa yule jamaa wa miche kando ya barabara, nikakuta wazazi wenzangu wamepanga foleni, na mche uliokuwa wa shilingi ishirini umefika hamsini. Tena umefungwa kwa karatasi nyeusi ya plastiki. Heri ya Siku ya Mazingira.

Nilipouliza kwenye grupu kwa nini tarehe 10 Oktoba na si siku nyingine yoyote, nilijibiwa kwa kidole gumba.

Basi nitajijibu. Ni kwa sababu siku hii hapa Kenya ilikuwa ya Rais Daniel arap Moi, na hakuna serikali iliyothubutu kuifuta waziwazi wala kuieleza. Katiba ya 2010 ilitaja sikukuu tatu za kitaifa, Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, na Moi Day ikaachwa ijifie. Novemba 2017 Jaji George Odunga akakumbusha watu kwamba Sheria ya Sikukuu haikuwahi kubadilishwa, kwa hiyo siku bado iko hai. Ikafufuka. Kisha ikawa ya Huduma. Kisha ya Utamaduni, tukavaa shanga. Tangu 2024 ni ya Mazingira. Mama yangu hajahangaika na haya yote. Kwake ni Moi Day, na kesho yake ni kazi.

Mimi nasema turudishiwe jina la kwanza. Si kwamba nampenda Moi. Nimekulia nyumba ambayo redio ilifunguliwa kwa "Mtukufu Rais" na watu wazima wakashusha sauti hata kama wanazungumzia bei ya sukari. Ndiyo maana nalitaka jina lile. Jina la mtu linauma, na likiuma watu wanaongea. Jirani zetu Watanzania wana Siku ya Nyerere tarehe 14 Oktoba, na kila mwaka wanabishana: Ujamaa ulitujenga au ulituumiza? Vijana waliozaliwa baada ya Mwalimu kufa wanajua wanabishania nini. Sisi mwanafunzi wetu atabishana na nani? Na mche?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba wamechagua mazingira, kati ya mambo yote. Mwaka 1989 serikali ya Moi ilitaka kusimamisha jengo la ghorofa sitini katikati ya Uhuru Park, bustani ya umma jijini Nairobi. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, akaandika barua kila mahali kulipinga. Wabunge wakamkejeli, na Moi mwenyewe akasema hadharani kwamba mwanamke anayejua mila za Kiafrika huheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza, jengo halikujengwa. Machi 1992 aliketi kwenye bustani ileile na akina mama waliodai wana wao waliofungwa kwa siasa. Polisi wakamtwanga hadi akapoteza fahamu. Januari 1999 akaenda Karura kupanda miche kwenye ardhi ya msitu iliyokuwa imegawiwa wakubwa, akapigwa kichwani na genge la walinzi. Alipofika kituo cha polisi aliitia sahihi taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka.

Mtu alipigwa kwa kupanda mti, na leo siku ya aliyekuwa rais wakati huo imegeuzwa siku ya kupanda mti, bila neno hata moja kuhusu kichwa kile. Hiyo ni kupaka chokaa ukuta wenye ufa. Na Nyayo House bado imesimama pale mjini, watu wanapanga foleni ya pasipoti juu ya vyumba ambamo wenzao waliteswa miaka ya themanini.

Haya, nikubali: Moi alijenga gabioni (kuta za mawe yaliyofungwa kwa wavu wa waya) kwa mikono yake kuzuia mmomonyoko, na maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni, niliyanywa, yalikuwa matamu. Basi na hayo yasemwe siku hiyo. Wanaompenda wamlilie, waliofungwa wasimulie, runinga zipate kazi.

Kuhusu serikali ya sasa na miti bilioni 15 ifikapo 2032, nasema tu kwamba ni serikali hiyohiyo iliyotangaza mwaka 2023 kuondoa marufuku ya ukataji miti iliyokuwepo tangu 2018.

Na kama kweli wanataka siku ya mazingira, wala hawahitaji kubuni. Umoja wa Afrika ulishaitenga tarehe 3 Machi kuwa Siku ya Mazingira Afrika, na kuipa pia jina la Wangari Maathai. Machi mvua za masika zinabisha hodi, mche unaweza hata kushika. Tarehe 10 Oktoba kwetu ni vumbi tupu. Wahamishe sikukuu ya miti huko, waipe jina la mama aliyeipigania, na 10 Oktoba watuachie Moi wetu tumjadili.