Nahodha Akifoka, Msikilize Anachosema

Kaa na nahodha wa mashua barazani Mkomani, mtaa wa Lamu, kahawa chungu mkononi, na itabidi usogee ndipo umsikie. Siku ya mashindano ya mashua nahodha huyohuyo anafoka hadi watu wa gatini wanaulizana: kumbe ndivyo alivyo? Mimi nasema sivyo. Wanaodai kwamba mashindano humvua mtu nguo, yaani humfichua tabia yake ya kweli, hawajaangalia kazi ya usukani.

Tazama wakati wa kukisi tanga. Chombo kimefika boyani, lazima kigeuke. Demani, kamba ya kuvutia tanga, inalegezwa, foromali, mti unaobeba tanga, inasimamishwa wima na kupitishwa mbele ya mlingoti, tanga linahamia upande wa pili, kisha demani inazungushwa na kukazwa upya. Papo hapo wengine wanahamisha magunia ya mchanga, kwa sababu farumi, yaani uzito huo wa kutuliza chombo, iliyokuwa upande wa upepo sasa inazidi kukilaza chombo. Huku tanga linapigapiga juu ya vichwa na upepo wa kaskazi unameza maneno. Magunia yakichelewa, chombo kinalala, maji yanaingia, na baharia mmoja au wawili wanaacha kamba wakashike upo wafue maji, yaani wayateke na kuyamwaga nje. Hapo "tafadhali, ndugu yangu" haifiki hata mlingotini. Amri ni neno moja, tena kwa sauti.

Kwa hiyo kelele siihesabu. Nasikiliza maneno. "Demani!" ni amri. "Mjinga wewe, kila siku wewe!" haivuti kamba yoyote, na kijana aliyetukanwa hugeuka kumtazama nahodha badala ya kutazama tanga. Nahodha wa namna hii, hata awe mpole vipi msikitini, mimi nisingemkabidhi chombo.

Kuna wanaomtolea mfano Eliud Kipchoge, Mkenya wa mbio za marathoni, mtulivu nyumbani na mtulivu mbioni, anayetabasamu hata miguu ikiuma. Mwaka 2022 alimaliza marathoni ya Berlin kwa saa 2:01:09. Sawa, lakini mkimbiaji hana mtu wa kumhamishia gunia. Mfano unaonikaa zaidi ni Zidane, nahodha wa Ufaransa, mtu wa maneno machache, aliyempiga Materazzi, beki wa Italia, kwa kichwa kifuani dakika ya 110 ya fainali ya Kombe la Dunia 2006. Ile haikuwa sehemu ya kazi yake uwanjani. Ilikuwa hasira tu, na Ufaransa ikamaliza mechi na watu kumi.

Mashua ikishafika, mashabiki hukosea kumvamia nahodha kwa maswali kabla tanga halijashuka. Mwacheni anywe maji. Makosa yazungumzwe kesho baada ya alasiri, na mazungumzo yaanze na kamba, si na mtu: "pale boyani demani ilichelewa." Aliyeichelewesha anajijua. Na jioni ileile ya mashindano, gati likishatulia, angalieni nani anateremsha magunia. Mchanga ulioloa maji ni mzito, na wapo manahodha ambao wakati huo huwa wameshafika barazani.