Hisabati isiyoingia kwenye simu

Ukitaka kumtetea mwanahisabati mbele ya watu wa Dar, lazima utaje simu. Utasema bila aljebra hakuna kutuma pesa kwa usalama, watu wataitikia kwa kichwa, mjadala umeisha. Mimi utetezi huo umenichosha. Si uongo, ila unamfundisha kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) kwamba hisabati asiyoiona kwenye simu yake ni porojo za wasomi.

Chukua kazi ya László Babai, mzaliwa wa Budapest anayefundisha Chuo Kikuu cha Chicago. Swali lake ni hili: ukipewa grafu mbili, utajuaje kama ni ileile iliyochorwa kivingine? Sizungumzii grafu ya mihimili ya x na y. Hii ni nukta na mistari inayoziunganisha, kama ramani ya daladala: vituo ni nukta, njia ni mistari. Sasa futa majina yote, Mbagala, Mwenge, Gongo la Mboto, kisha mwambie mtu achore upya na avuruge vituo apendavyo. Ni mtandao uleule? Usijaribu kuoanisha vituo kwa kila namna. Kwa vituo 20 tu, namna hizo zinazidi bilioni mbili mara bilioni moja.

Konda yeyote angeanza kwa kuhesabu: kituo chenye njia saba hakiwezi kuwa pacha wa chenye njia tatu. Ni mbinu nzuri, na mara nyingi inatosha. Lakini chora pembesita, na pembeni yake chora pembetatu mbili zisizogusana. Pande zote mbili una nukta sita na mistari sita, na kila nukta ina majirani wawili. Kuhesabu majirani hakukuambii kitu. Hapa macho yanakuokoa, ila ziko grafu zenye ulinganifu mkubwa mno, ambako macho nayo yanasalimu amri.

Aljebra inaingia hapo. Unaacha kuzitazama nukta, unatazama namna zote za kuzipangua bila grafu kubadilika. Mipanguo hiyo inaunda kile wanahisabati wanachokiita kundi, na makundi yamechunguzwa tangu enzi za Galois, Mfaransa wa karne ya 19. Mwanahisabati Eugene Luks alifungua mlango huo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa grafu ambazo kila nukta ina majirani wachache. Babai akaenda mbali zaidi. Alionyesha kwamba grafu inayokataa kuvunjwavunjwa vipande vidogo inaficha ndani yake umbo la aina moja, grafu zenye ulinganifu mkubwa ziitwazo za Johnson, na akapata njia ya kupambana nalo.

Alitangaza matokeo hayo Novemba 2015. Dai lake lilikuwa kwamba swali hili linajibika kwa hatua chache mno kuliko ilivyojulikana, hata kwa grafu ngumu kuliko zote. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa ya mwaka 1983.

Faida yake kwenye kompyuta? Hakuna ya kusimulia. Programu kama nauty ya Brendan McKay zilikuwa tayari zinalinganisha grafu nyingi kufumba na kufumbua; mashine uliyonunua Kariakoo haitapata kasi yoyote kwa sababu ya Babai. Tulichopata ni kujua swali hili limekaa wapi. Ni mojawapo ya maswali machache ya NP, yaani yale ambayo ukipewa jibu ni rahisi kulihakiki, yasiyojulikana kuwa mepesi, wala hayajathibitishwa kuwa miongoni mwa yale magumu kuliko yote. Babai alilisogeza karibu sana na upande wa mepesi.

Na watu waliisoma kazi hiyo mstari kwa mstari, bila mteja kusubiri mlangoni. Harald Helfgott, Mperu, akiiandaa kwa ajili ya semina ya Bourbaki kule Paris, ambako wanahisabati huelezana kazi mpya za wenzao, alikuta kosa. Januari 4, 2017 Babai alitangaza hadharani kwamba anapunguza dai lake. Siku tano baadaye akatangaza amepata marekebisho, dai likarudi. Ningefurahi kuona semina zetu zikibishana hivyo, badala ya kumaliza kwa makofi na picha ya pamoja.

Mzazi wa Temeke aliyeuza kiwanja ili mtoto asome ana haki ya kuuliza ataajiriwa wapi. Ajibiwe kuhusu ajira, kwa ukweli, na theoremu isisukumwe mbele ijibu kwa niaba ya mwenye cheti. Kama grafu hizi zinaweza kulinganishwa kwa muda wa polinomia, yaani bila idadi ya hatua kulipuka kadiri nukta zinavyoongezeka, bado hakuna aliyethibitisha. Kazi hiyo inataka karatasi, kalamu na mtu wa kubishana naye, na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vyote vitatu vipo.