Kusokotwa kwa mkono si kisingizio

Jumamosi nilikata siga (ule msokoto mnene wa majani matupu ya tumbaku) ya tano kutoka fungu la bei nafuu la ishirini aliloniletea shemeji kutoka Marekani. Nne za mwanzo zilikuwa safi: moshi mzito, ladha ya kakao, majivu yanashikana bila kudondoka. Ya tano niliivuta hadi mashavu yakauma. Nikaichana kwa wembe. Katikati majani yamesongwa kama kamba ya katani, na kikonyo kinene kimeachwa humo humo.

Nikilalamika, wenzangu hunijibu: "Ndugu yangu, imesokotwa kwa mkono, halafu na bei yenyewe hiyo." Sikubali. Mama anayetuuzia chapati mtaani kwetu anasukuma mia kwa mkono kila alfajiri, na ya mwisho ni sawa na ya kwanza.

Bei ikishuka, kuna mahali panapopunguzwa, na mengine nayasamehe. Jani la nje ndilo linalokula fedha, maana halitakiwi kuwa na tundu wala doa. Lile jepesi la Connecticut, Marekani, lilizoeleka kulimwa chini ya vitambaa vya kivuli. Ecuador mawingu yanaifanya kazi hiyo bure, kwa hiyo siga ikivaa jani la Ecuador, mimi sina neno. Sanduku la mbao nalo baki nalo, nifungie kwenye karatasi tu.

Lakini moshi kuvutika bila shida, hapo sisamehi. Hiyo si anasa. Kwenye viwanda vya Estelí, Nicaragua, kwa kawaida mmoja hukusanya majani ya ndani na kuyafunga, mwenzake huvisha jani la nje. Roho ya siga iko kwa yule wa kwanza. Akilikunja kila jani kama kimrija, hewa inapita. Akiyalaza pamoja kama kurasa za daftari, kazi inakwenda mbio, ila akikosea kidogo tu, siga imeziba. Na mashine ya kupima kama hewa inapita, kabla ya kuvisha jani la nje, ipo. Cuba yenyewe iliziingiza viwandani mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya wavutaji kuchoshwa na siga zilizoziba, na zile hazikuwa za bei chee.

Nisiwaonee watengenezaji lakini. Siga inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na hewa yetu ya Dar mara nyingi imepita hapo; tumbaku ikinywa maji huvimba na kubana. Ila hizi zangu zilikaa wiki sita kwenye kopo lililofungwa vizuri, na pakiti ya kudhibiti unyevu ndani. (Daktari wangu angependa zikae humo milele.)

Zilizobaki kumi na tano nimezipima kwenye mizani ya jikoni, mke wangu akiniangalia tu. Tatu zimezidi zenzake kwa zaidi ya gramu mbili, dalili kwamba majani yamesongwa. Nimezitenga. Hizo ni za shemeji akija.